Kupima Kabla ya Kununua: Kwa Nini Betri ya Gari Huisha Chaji

Gari likigoma kuwaka asubuhi kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, hukumu huwa imeshatolewa kabla fundi hajafungua boneti: betri imekufa, nunua nyingine. Hukumu hiyo ina sababu zake. Betri ndiyo inayoonekana kushindwa. Stata inagongagonga bila kuzungusha injini, taa za dashibodi zinafifia, na jirani akileta waya za jampa gari linawaka papo hapo. Tena betri inauzwa kila mtaa, hubadilishwa kwa dakika chache, na mwenye gari huondoka ameridhika. Tatizo ni kwamba betri mpya huwasha karibu gari lolote lenye hitilafu ya kuchaji au kuvuja umeme, walau kwa siku kadhaa. Kwa hiyo gari kuwaka baada ya kubadilishwa betri hakuthibitishi kwamba ile ya zamani ndiyo iliyokuwa chanzo. Kunathibitisha tu kwamba mpya ilikuja na chaji. Hoja ya uchambuzi huu ni kuwa betri inayoisha chaji mara kwa mara ni dalili kwanza na ugonjwa baadaye, na kwamba dalili hiyo husomeka kwa vipimo vitatu vya gharama ndogo vikifuatana kwa mpangilio wake. Anayenunua kabla ya kupima anabahatisha, na mara nyingi anaiua hata hiyo betri mpya.

Ili kuona kwa nini chanzo na matokeo huchanganywa, yafaa kuelewa kinachotendeka ndani ya kasha. Betri ya risasi na tindikali ni teknolojia kongwe. Mfaransa Gaston Planté aliiunda mwaka 1859, na mwaka 1881 Camille Faure akaboresha bamba zake kwa kuzipaka rojo la risasi ili zihifadhi umeme mwingi zaidi. Mwaka 1912 Cadillac ilipoanza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, betri ilipewa kazi inayoifanya hadi leo: kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache, kisha kujazwa tena mara injini inapowaka. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti 2.1, ndiyo maana ikijaa na kutulia husoma volti 12.6 au 12.7. Inapotoa umeme, bamba zake hasi na chanya hugeuka polepole kuwa salfati ya risasi, na tindikali hupoteza ukali ikielekea kuwa maji. Ikichajiwa, mambo hurudi yalivyokuwa. Lakini ikiachwa tupu kwa siku nyingi, salfati hiyo hukomaa na kuwa fuwele ngumu ambazo chaji haiziondoi tena, na sehemu hiyo ya bamba huwa imepotea. Maana yake ni kwamba kuisha chaji kwenyewe huharibu betri. Gari lenye waya unaovuja umeme usiku litaifikisha betri nzima kwenye hali mbovu kwa miezi michache, na fundi atakayeipima atasema kweli akisema haifai. Atakosea pale tu atakapodhani amefika kwenye mzizi wa tatizo.

Betri basi haina tofauti kubwa na tangi la maji lililo juu ya paa. Tangi likikutwa tupu kila asubuhi, kuna mambo matatu tu ya kuuliza: je, lenyewe limepasuka na halishiki maji, je, maji yanayopanda hayatoshi, au je, kuna bomba linalovuja wakati watu wamelala? Kwenye gari maswali ni yale yale. Je, betri bado inashika chaji? Je, alteneta inarudisha umeme wa kutosha gari linapotembea? Je, kuna kitu kinachokula umeme gari likiwa limezimwa na kufungwa? Kila hitilafu ya aina hii, iwe kwenye gari dogo au lori, huingia katika mojawapo ya makundi haya matatu, au katika mchanganyiko wake. Makosa mengi ya gereji hutokana na kurukia jibu la swali la kwanza bila kugusa la pili na la tatu.

Ushahidi wa kwanza haudai kifaa chochote, kwa kuwa ni muda. Betri huchukua muda gani kuisha? Tuchukue NS60, saizi inayotumika sana kwenye magari madogo ya Kijapani, yenye uwezo wa takriban ampea-saa 45. Tukadirie kwamba ikipoteza nusu ya chaji yake, yaani kama ampea-saa 22, inaanza kusumbua kuwasha injini. Taa kubwa mbili za wati 55 zikiachwa zinawaka zitaifikisha hapo kwa saa mbili na nusu au pungufu. Taa nne ndogo za kuegeshea, za wati 5 kila moja, zitachukua kama saa 13, yaani usiku mmoja. Taa moja ya buti ya wati 5 isiyozimika kifuniko kikifungwa itachukua siku mbili na ushee. Gari zima likiwa limelala kama inavyotakiwa, saa yake, kompyuta zake na kengele ya wizi zikila miliampea 50 tu kwa jumla, betri hiyo itahimili zaidi ya wiki mbili. Kwa hiyo mwenye gari anayesema “likilala usiku mmoja tu haliwaki” anaeleza jambo tofauti kabisa na yule anayesema “nikisafiri wiki moja nikirudi haliwaki.” Wa kwanza anazungumzia mkondo wa zaidi ya ampea moja, au betri iliyochakaa kabisa. Wa pili anazungumzia mvujo mdogo ambao kwa macho hauonekani. Naye anayesema gari lilizimika likiwa barabarani, taa zikififia polepole, kwa kawaida anamweleza fundi habari za alteneta au mkanda wake. Fundi asiyeuliza swali hili ametupa ushahidi uliomjia bure.

Hata hivyo muda peke yake haumalizi shauri, kwa kuwa hesabu hiyo inadhani betri ni nzima. Betri iliyochakaa, ambayo zamani ilishika ampea-saa 45 na sasa inashika 15, itaishiwa na miliampea 50 zile zile za kawaida kwa muda wa siku sita hivi. Mtu atatafuta mvujo wa umeme gari zima asiupate, kwa sababu haupo. Ndiyo maana mpangilio wa vipimo ni muhimu kuliko kipimo chochote kimoja: betri hupimwa kwanza, kisha kuchaji, kisha mvujo. Kuianza betri kwa kipimo ni tofauti na kuianza kwa manunuzi. Kwanza ichajiwe hadi ijae kwa chaja ya umeme wa nyumbani au ya fundi, usiku kucha ikibidi, kisha itulie saa kadhaa bila kuguswa, maana betri iliyotoka kuchajiwa huonyesha volti za juujuu zinazodanganya. Ikitulia, volti 12.6 ni imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni kama robo. Betri inayosoma karibu na 10.5 baada ya kuchajiwa vizuri imepoteza chumba kimoja kati ya sita, na hapo hakuna mjadala. Kisha gari lipigwe stata huku kipimo kikiangaliwa: betri nzima katika hali ya hewa ya joto isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Na kama betri ina vifuniko vya kuongezea maji, haidromita ya bei ndogo itaonyesha ukali wa tindikali chumba kwa chumba. Kiasi cha 1.265 hadi 1.28 ni chaji kamili, na chumba kimoja kinachobaki nyuma ya vingine ndicho kilichoharibika.

Hapa kuna jambo ambalo maelekezo mengi yanayosambaa, yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi zenye theluji, hulieleza kwa namna isiyotufaa. Huko betri hugoma majira ya baridi, na watu huilaumu baridi. Ukweli ni kwamba baridi hufichua udhaifu ambao joto lilishautengeneza. Kanuni ya makadirio wanayoitumia wahandisi ni kuwa joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kuchakaa kwa betri hukaribia kuwa maradufu. Chini ya boneti ya gari linalotambaa kwenye foleni ya Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Februari, betri huishi katika joto kubwa kuliko hilo la hewa ya nje, na maji yake hupungua kwa kasi. Bamba zikikaa juu ya usawa wa maji hukauka na haziponi. Dawa yake ni maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri, na si tindikali. Kinachopotea kwa joto na kuchaji ni maji, ilhali tindikali hubaki ndani, na kuongeza tindikali ili “kuipa nguvu” hukoleza mchanganyiko na kula bamba. Betri iliyoamshwa kwa njia hiyo huonekana imefufuka kwa wiki chache, kisha hufa moja kwa moja.

Betri ikishafaulu kipimo chake, zamu ni ya kuchaji. Injini ikiwaka, kipimo kwenye vichwa vya betri kinapaswa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.5 kwenye magari mengi, na kisishuke sana taa kubwa, feni ya ndani na kifuta kioo vinapowashwa kwa pamoja. Ikisoma 12.4 na kuendelea kuteremka, alteneta haichaji; ikipita 15 na kubaki huko, kidhibiti cha chaji kimeharibika na betri itachemka. Lakini alteneta nzima inaweza kushindwa kufikisha umeme wake. Mkanda uliolegea huteleza hasa injini inapobeba mzigo. Kutu nyeupe au ya kijani kwenye vichwa vya betri huzuia mkondo. Waya wa kutuliza umeme kati ya injini na bodi ukilika, umeme hupita kwa taabu. Njia ya kuuona upinzani huo ni kuweka ncha moja ya kipimo kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini wakati gari linapigwa stata: ikisoma zaidi ya nusu volti, tatizo liko kwenye waya na viungo vyake. Kusafisha vichwa kwa maji ya moto na soda ya kuokea, kuvikwangua, kuvikaza na kuvipaka grisi kumewahi kuokoa betri nyingi zilizokuwa zinasubiri kutupwa. Taa ya betri kwenye dashibodi nayo isiaminiwe kupita kiasi. Huwaka alteneta inapokufa kabisa, ila inaweza kukaa kimya alteneta inapodhoofika tu.

Kuna desturi moja ya gereji ambayo haina budi kukataliwa waziwazi: kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka, na kusema alteneta ni nzima kama gari halikuzimika. Kwenye magari ya zamani yasiyo na kompyuta, jaribio hilo halikuwa na madhara makubwa. Kwenye magari ya leo, betri ndiyo inayotuliza mawimbi ya umeme wa alteneta, na ikiondolewa ghafla volti hupaa kwa muda mfupi wa kutosha kuunguza kompyuta ya injini au dayodi za alteneta yenyewe. Tena jaribio lenyewe halijibu swali lililoulizwa. Injini ya petroli huhitaji umeme kidogo tu ili iendelee kuwaka, hivyo alteneta iliyopoteza nusu ya nguvu zake itafaulu mtihani huo vizuri kabisa, kisha ishindwe kujaza betri usiku wa mvua. Lipo pia jaribio la kugusisha kichwa ili kuona cheche. Kompyuta za gari hujaza umeme zinapounganishwa, kwa hiyo cheche itaonekana hata kwenye gari lisilo na hitilafu, na betri iliyotoka kuchajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka.

Kabla ya kuingia kwenye swali la tatu, kuna imani moja inayohitaji kupimwa kwa hesabu, nayo ni kwamba gari likishawashwa kwa jampa, safari ya kwenda kazini itajaza betri. Stata inayovuta ampea 200 kwa sekunde mbili hutumia takriban sehemu moja ya kumi ya ampea-saa, kiasi ambacho alteneta hukirudisha ndani ya dakika chache. Kwa hiyo kuwasha gari mara kwa mara hakuimalizi betri nzima inayochajiwa vizuri. Betri iliyokwisha ni habari nyingine. NS60 iliyoishiwa zaidi ya nusu inadai ampea-saa 22 na zaidi, na betri ya risasi haimezi chaji kwa pupa. Kadiri inavyokaribia kujaa ndivyo inavyopokea polepole, na sehemu ya mwisho huchukua saa nyingi. Gari likiwa limesimama kwenye foleni, alteneta huzunguka taratibu na kutoa sehemu tu ya uwezo wake, huku kiyoyozi, taa na redio vikila humo humo. Nusu saa ya namna hiyo huiacha betri na chaji ya kuwasha mara moja au mbili tu. Kesho yake gari linagoma tena, na mwenye gari anahitimisha kwamba betri haishiki chaji, ilhali haijawahi kujazwa tangu siku ya kwanza ilipoisha. Usiku mmoja kwenye chaja ungeondoa shaka hiyo kabla ya hatua nyingine yoyote.

Swali la tatu, la umeme unaovuja gari likiwa limezimwa, ndilo linaloogopwa zaidi na ndilo linalopatiwa majibu ya kubahatisha zaidi. Njia yake lakini haina miujiza. Kipimo cha umeme chenye nafasi ya ampea 10 huunganishwa kati ya kichwa hasi cha betri na waya wake, ili kila umeme unaotoka upite ndani ya kipimo. Milango ifungwe, ufunguo upelekwe mbali ikiwa gari linautambua kwa ukaribu, na swichi ya boneti ibanwe ili gari lidhani limefungwa. Kisha ni kusubiri, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu kompyuta za magari mengi hukaa macho kwa dakika 20 hadi saa nzima kabla ya kulala. Anayesoma ampea mbili baada ya dakika moja na kutangaza amepata mvujo, amepima gari ambalo bado halijalala. Wala gari lisipigwe stata kipimo kikiwa hapo, maana kitaungua. Baada ya kusubiri, miliampea 20 hadi 50 ni kawaida. Ikisoma 300 au 500, fyuzi huchomolewa moja moja huku kipimo kikitazamwa, na ile itakayoiteremsha namba ghafla inakuwa imetaja njia yenye mvujo. Ikiwa fyuzi zote zimetoka na namba haijashuka, mshukiwa anayefuata ni alteneta: dayodi yake ikivuja, umeme hurudi nyuma kutoka kwenye betri usiku kucha, ingawa mchana alteneta hiyo hiyo inaweza kuonekana inachaji. Kuchomoa waya wake mnene, baada ya kutenganisha betri kwanza, na kupima upya hutoa jibu.

Katika Afrika Mashariki washukiwa wa kundi hili wanajulikana, na wengi hawakutoka kiwandani na gari. Magari mengi yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam yametumika Japani, ambako masafa ya FM yalipangwa kuanzia megahezi 76 hadi 90, tofauti na 88 hadi 108 zinazotumika kwetu. Ndiyo maana redio huwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kubadilishwa, mara nyingi kando ya barabara. Redio za kununua dukani kwa kawaida huwa na waya wa njano wa kutunza kumbukumbu, unaopata umeme saa zote, na waya mwekundu unaopaswa kupata umeme ufunguo ukifunguliwa tu. Fundi mwenye haraka akiziunganisha hizo mbili pamoja, redio hupiga vizuri na mteja hufurahi, lakini haizimiki kabisa, na kama kuna amplifaya ya spika kubwa kwenye buti nayo hukesha pamoja nayo. Baada ya redio hufuata kengele za wizi, kufuli za rimoti na vifaa vya kufuatilia gari ambavyo wakopeshaji na wenye magari ya biashara huvifunga, kila kimoja kikidai umeme wake usiku. Kimoja kimoja vinaweza kuwa halali kabisa. Vikijumlishwa, hupita kiwango ambacho betri ndogo iliundiwa kuhimili. Kundi jingine ni magari yenye mfumo wa kuzima injini kwenye taa za barabarani, kama Mazda Demio na Axela zenye i-stop. Hayo hudai betri maalumu zenye alama kama Q-85, na yakiwekewa betri ya kawaida kwa kuwa ni ya bei nafuu, betri hiyo huchoka mapema. Mengi ya magari ya aina hiyo pia hupandisha na kushusha volti za alteneta kwa makusudi ili kubana mafuta, kwa hiyo kusoma 12.8 kwa muda si lazima iwe hitilafu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya utaratibu huu ni la kiuchumi. Fundi mzuri wa umeme wa magari anaweza kutumia nusu siku kusaka mvujo, na mteja asiye na muda huona afadhali kununua betri na kuendelea na shughuli zake. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama vipimo vyote vitatu vingekuwa virefu, lakini viwili vya mwanzo ni vya dakika chache pindi betri ikishachajiwa na kutulia, na kipimo cha umeme chenyewe kina bei ndogo sana ukilinganisha na ya betri. Ni kipimo cha tatu tu kinachoweza kuchukua muda, na hakifikiwi mpaka viwili vya kwanza vimeshatoa majibu mazuri. Zaidi ya hayo, bei ya dukani si gharama nzima. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na kila betri inayotupwa kabla ya wakati wake huingia kwenye mkondo wa kuyeyushwa. Wakazi wa Owino Uhuru huko Mombasa wanajua maana ya mkondo huo ukikosa uangalizi: kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia sumu ya risasi kwenye udongo na damu za watoto, mwanaharakati Phyllis Omido akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015 kwa kukipinga, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Betri iliyokufa kwa umri haina budi kuyeyushwa. Iliyouawa na waya wa redio ingeweza kubaki kazini.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba kwenye pwani yenye joto, betri ya miaka mitatu au minne inayosumbua kwa kawaida imechakaa kweli, na fundi anayeilaumu betri atakuwa sahihi mara nyingi. Hili lakubalika. Lakini kuwa sahihi mara nyingi hakumsaidii yule ambaye betri yake ina miezi minane. Umri wenyewe ni ushahidi unaopaswa kuingia kwenye hesabu: betri ya miaka minne ikigoma, ipimwe na uwezekano mkubwa ni kwamba itanunuliwa nyingine; betri ya pili au ya tatu ndani ya miaka miwili ikigoma, uwezekano umegeuka, na anayeuza ya nne bila kupima kuchaji na mvujo anauza kitu ambacho gari litakiua pia. Tarehe ya kutengenezwa iliyopigwa kwenye kasha nayo iangaliwe siku ya kununua, kwa sababu betri iliyokaa rafuni miezi mingi kwenye duka lenye joto hupungua chaji yenyewe na huanza kuota salfati kabla haijafungwa kwenye gari lolote.

Pingamizi la tatu husema mzizi hauhitaji kutafutwa kama dalili inaweza kuzuiwa: chomoa kichwa cha betri kila usiku, au weka betri kubwa zaidi. Kuchomoa kichwa ni kipimo kizuri, maana betri isiyoshuka ikiwa imechomolewa, lakini inashuka ikiwa imeunganishwa, imejisafisha na kulishitaki gari. Kama tiba ya kudumu, kunazima kengele ya wizi, kunafuta yale ambayo kompyuta ya injini ilijifunza, na redio nyingi za Toyota zilizokuja na gari kutoka Japani hujifunga zikikatiwa umeme na kudai kadi ya SD yenye ramani. Betri kubwa nayo hununua muda tu. Mvujo wa nusu ampea huifikisha NS60 kwenye nusu ya chaji kwa saa 45. N70 ya takriban ampea-saa 70 itafika hapo hapo kwa saa 70. Mwenye gari ameongeza siku moja, amelipa zaidi, na siku itakapoisha kabisa itahitaji muda mrefu zaidi kujazwa.

Yote haya yanaelekea kwenye badiliko dogo la desturi, na si la mafundi peke yao, kwa sababu fundi huuza kile mteja anachokiomba. Anayeingia gereji na kusema “niwekee betri” atawekewa betri. Anayeingia na kuuliza namba tatu, yaani volti za betri iliyojazwa na kutulia, volti injini ikiwaka na taa zote zikiwa wazi, na miliampea gari likiwa limelala, amemfanya fundi apime kabla ya kuuza. Namba hizo ziandikwe kwenye risiti pamoja na tarehe. Zikionyesha betri imekufa, atanunua nyingine akijua kwamba alteneta na nyaya hazitaimaliza. Zikionyesha vingine, atakuwa ametengeneza gari lake kwa bei ya mkanda, ya kichwa cha betri, au ya waya mwekundu uliounganishwa mahali pasipo pake. Na betri mpya ikigoma ndani ya muda wa dhamana, atakuwa na maandishi ya kumwonyesha muuzaji, ambaye jibu lake la kwanza kwa kawaida ni kwamba kosa liko kwenye gari.